Kandambili za Aldabra

Aldabra, sehemu ya visiwa vya Shelisheli, haina duka, hoteli wala barabara. Wenyeji wake ni makobe wakubwa wasiopungua laki moja, pamoja na watafiti wachache wanaopokezana zamu kituoni. Hata hivyo, mwaka 2019 vijana waliojitolea kusafisha fukwe zake kwa wiki tano walikusanya tani 25 za taka, na ndani ya lundo lile la kamba na nyavu mlikuwa na maelfu ya kandambili. Zote zililetwa na maji. Uchunguzi wa mikondo ya bahari umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya taka zinazofika Shelisheli huanzia mbali, hata Indonesia.

Naanza na taka hizi kwa sababu sijaona nchi ndogo iliyojitahidi kuilinda bahari yake kuliko Shelisheli, na bado taka za wengine zinaifikia. Jina lake watu wa pwani tunalo hata jikoni, kwa lile tunda tunalolipika kwa nazi. Ni visiwa 115, nchi kavu isiyofika kilomita za mraba 500, na watu zaidi kidogo ya laki moja. Bahari yake, lakini, ni kilomita za mraba milioni 1.35, yaani inaizidi Tanzania nzima, bara na visiwani.

Safari ya kuilinda bahari hiyo ilianzia kwenye aibu ya deni. Oktoba 2008 serikali ilishindwa kulipa wadai wake wa nje, ikabisha hodi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka michache baadaye ukapatikana mpango ambao haukuwa umewahi kufanywa kwa ajili ya bahari: shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy lilisaidia kununua deni la karibu dola milioni 21.6 lililodaiwa na mataifa ya Ulaya. Sasa Shelisheli inaulipa mfuko wake yenyewe wa uhifadhi, kwa masharti nafuu, na sehemu ya fedha hizo inarudi baharini. Kwa upande wake iliahidi kuhifadhi asilimia 30 ya maji yake. Machi 2020, Rais Danny Faure akaikamilisha ahadi hiyo kwa saini yake, na maji ya Aldabra yakawekwa kwenye ulinzi mkali kuliko yote. Kabla ya hapo, mwaka 2018, nchi hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kuuza hatifungani ya buluu, yaani ya kugharimia miradi ya bahari, ya dola milioni 15. Zanzibar, yenye wizara kamili ya uchumi wa buluu, ina mengi ya kudadisi hapo.

Mimi lakini huvutiwa zaidi na mambo yaliyofanyika bila saini za marais. Wavuvi wadogo wa Shelisheli hutega dema, ndugu wa dema za Pemba na Lamu, na samaki wanayemtafuta sana ni tafi. Tafi hukusanyika kuzaa mahali palepale kila msimu, na mvuvi anayepajua anaweza kumaliza kizazi kizima kwa siku chache. Kisiwani Praslin, wavuvi walikaa wenyewe wakakubaliana kuyapumzisha baadhi ya maeneo kwa miezi kadhaa. Hakuna askari aliyewasukuma. Bahari kubwa kiasi kile haiwezi kulindwa na boti chache za doria. Italindwa na watu ambao riziki yao imo ndani yake.

Kisiwa cha Cousin nacho kinaonyesha subira inayohitajika. Mwaka 1968 kilikuwa shamba la minazi, na ndani yake walibaki ndege wadogo wa aina moja wasiofika 30, ambao hawakuwepo popote pengine duniani. Wahifadhi walikinunua, wakaiacha misitu ya asili irudi yenyewe. Leo ndege hao ni maelfu, na wamehamishiwa visiwa vingine vinne. Imechukua zaidi ya miaka hamsini.

Kazi bado ni nzito. Mitambo minane ya upepo imesimama karibu na bandari ya Victoria tangu 2013, lakini umeme mwingi bado unatoka kwenye mafuta yanayoletwa kwa meli. Watalii zaidi ya 380,000 waliingia mwaka 2019, karibu mara nne ya wananchi, na wengi walifika kwa ndege zinazochoma mafuta yaleyale yanayoipasha bahari joto. Joto hilo liliua hadi asilimia 90 ya matumbawe hai ya visiwa vya ndani mwaka 1998. Na kwa kuwa Benki ya Dunia iliiingiza Shelisheli katika kundi la nchi za kipato cha juu mwaka 2015, milango ya mikopo nafuu imeanza kufungwa, ingawa kipato hakizuii mawimbi kula ufukwe. Naiona hiyo kuwa dhuluma.

Taka zilizobaki Aldabra zilikadiriwa kuwa zaidi ya tani 500, na zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ni zana za uvuvi. Kuziondoa kungegharimu dola milioni 4.68, karibu theluthi ya fedha zote za hatifungani ya buluu. Wavu uliokatika hauna jina la mwenyewe, wala kandambili haina, kwa hiyo ankara hiyo hadi sasa imeachiwa Shelisheli na wafadhili wake.