Kuhamia ugenini ukiwa mtu mzima: Rafiki mpya ni sehemu ya tiba

Mashine ya kupima shinikizo la damu hutoa tarakimu mbili za shinikizo na ya tatu ya mapigo ya moyo. Haitoi jibu la swali ambalo siku hizi huwauliza wagonjwa wangu wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, hasa waliohamia Dodoma na viunga vyake: “Ukiumwa ghafla usiku wa leo, utamgongea nani mlango?”

Wengi hujibu haraka, “Nitampigia mwanangu simu.” Mwana mwenyewe yuko Dar es Salaam, Mwanza au Arusha. Nikieleza kwamba siulizi habari ya simu, nauliza habari ya mlango, mtu hunyamaza. Ukimya huo ndio mada yetu wiki hii, kwa sababu una uhusiano na moyo, ubongo na vidonge vyako kuliko unavyodhani.

Wageni wa Hombolo

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini msafara mkubwa wa watumishi ulianza baada ya Rais John Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba Serikali yote itahamia huko. Mtumishi aliyekuja wakati ule akiwa na miaka 50 na kitu, leo amefikia au anaikaribia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Wengine hawakurudi makwao. Walishanunua kiwanja, wakajenga, wakabaki.

Hombolo ni mojawapo ya maeneo yanayowapokea. Ipo umbali wa kilomita 40 hivi kutoka katikati ya jiji, ina bwawa lililojengwa mwaka 1957, mashamba ya zabibu na Chuo cha Serikali za Mitaa. Ukitaka utulivu utaupata. Tatizo ni kwamba kwa mtu aliyezaliwa Tanga au Mtwara, utulivu huo una upande wa pili. Samaki wa bwawani wapo, lakini bahari haipo. Mvua ni msimu mmoja tu, kisha miezi mingi ya ukavu na upepo. Na nyumba mpya nyingi zina ukuta na geti, wakati kule alikotoka nyumba ilikuwa na baraza, na barazani hapakosi mtu.

Wanaokuja kwangu ni wa aina tatu. Wapo wastaafu wenyewe. Wapo wenza wao, ambao hawakuwahi kuwa na ofisi hapa na hawamjui mtu yeyote. Na wapo wazazi walioletwa na watoto wao “waje wapumzike”, wakajikuta wamekaa na televisheni kutwa nzima, watoto kazini, wajukuu shuleni.

Mama mmoja mjane wa kundi hili la mwisho (nimebadilisha baadhi ya maelezo yake ili asitambulike) alifika kliniki shinikizo likiwa 190 kwa 110. Dawa alikuwa nazo, tena za kutosha. Alikuwa ameacha kuzimeza. Nilimuuliza, “Mama, zinakusumbua?” Akasema, “Hapana, daktari. Kule nyumbani jirani yangu alikuwa akinikumbusha, nami namkumbusha za kwake. Hapa namezea nani?”

Upweke unavyoumiza mwili

Mtu anaweza kuishi peke yake na asiwe mpweke. Mwingine akawa mpweke katika nyumba ya watu tisa. Upweke ni ile hali ya kuona kwamba watu ulionao si wale unaowahitaji. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya Juni 2025, lilieleza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaathiriwa na upweke, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka.

Ushahidi huu haukuanza jana. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Julianne Holt-Lunstad walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000. Waliokuwa na mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa asilimia 50 zaidi wa kuwa hai mwisho wa kipindi cha utafiti, wakilinganishwa na wasiokuwa nayo. Mwaka 2024, jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliuweka upungufu wa mahusiano na watu miongoni mwa visababishi 14 vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ambavyo vinaweza kudhibitiwa.

Namna mwili unavyoumia inaeleweka. Mtu asiye na wenzake huishi kama aliye kwenye tahadhari: homoni za msongo hubaki juu, usingizi huwa mwepesi, shinikizo hupanda. Kisha yapo mambo ya kawaida tu. Anayekula peke yake hupika kwa uvivu, chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni. Hatembei, maana hana anakokwenda. Na hakuna wa kumwambia, “Mbona mdomo wako leo umepinda?” Kiharusi kinataka hospitali ndani ya saa chache. Aliye peke yake huokotwa kesho yake.

Kwa nini ni vigumu baada ya miaka 50

Ujanani marafiki hatuwatafuti. Shule, jeshi, chuo na kazi hutukusanya kila siku bila mpango wetu. Ukistaafu au ukihama, mkusanyaji huyo anaondoka. Baba mmoja mstaafu aliniambia kwamba kwa miezi kadhaa aliendesha gari kutoka Hombolo kwenda mjini ili anywe chai na waliokuwa wenzake kazini. Kila safari walipungua, na wachache waliobaki walikuwa wakiangalia saa. Hawakumchukia. Walikuwa na kazi.

Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha mwaka 2018 utafiti uliowahusisha watu wazima waliokuwa wamehama karibuni na wanafunzi wapya wa chuo. Alikadiria kwamba kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja. Kufikia rafiki hasa, saa 90. Na rafiki wa karibu, zaidi ya saa 200. Jambo la kuzingatia ni kwamba saa za kazini hazikuhesabika sana. Zilizojenga ukaribu ni zile za kupumzika, kupiga soga na kula pamoja.

Hao ni Wamarekani, na saa zao si lazima ziwe zetu. Lakini hesabu yenyewe inatusaidia. Ukikaa na jirani nusu saa kila jioni, hizo ni saa tatu na nusu kwa wiki. Saa 50 zinatimia katika wiki 14 au 15, na saa 200 katika mwaka mmoja na kidogo. Ukikutana naye mara moja kwa mwezi, kwa saa mbili, saa hizo 200 zitakuchukua zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo mtu aliyekaa Hombolo miezi mitatu na kusema “watu wa huku hawana urafiki” anakuwa amehukumu mapema mno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ningeongeza kwamba jembe peke yake halitoshi. Kinachowaunganisha ni kile kipumziko chini ya mti baada ya kulima.

Dawa na namna ya kuitumia

Kwanza, anza wewe kusalimia. Mtu mzima amezoea kupokea shikamoo, na akihamia mahali papya huketi akiisubiri. Vijana watamwamkia na kupita. Marafiki anaowahitaji ni wa rika lake, nao wanangoja vilevile. Jifunze “mbukwenyi”, salamu ya Wagogo. Ukiikosea matamshi watacheka, na kicheko hicho ndicho mwanzo wa mazungumzo.

Pili, mahali pamoja, saa ileile. Urafiki huota pale watu wanapoonana tena na tena. Chagua sehemu moja: genge moja la mboga, msikiti au kanisa moja, jumuiya moja, kijiwe kimoja cha kahawa au bao. Nenda siku zilezile. Ukikosekana mara moja mtu akauliza “jana ulikuwa wapi?”, ujue dozi imeanza kufanya kazi.

Tatu, omba msaada mdogo. Wageni wengi wenye uwezo hutaka waonekane hawahitaji kitu. Omba kuazima jembe, uliza mzabibu hukatwa lini, muulize mwenyeji mlenda hupikwaje. Anayeombwa hujiona ana thamani, na wewe unakuwa na sababu ya kurudi. Ukikaribishwa chakula, kula. Kama una kisukari, kula ugali kiasi na mboga nyingi, usikatae sahani nzima.

Nne, weka benchi nje ya geti. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ambayo akina bibi waliopewa mafunzo huketi kwenye benchi karibu na kituo cha afya na kuwasikiliza wenye msongo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA, yakionyesha dalili za sonona zilipungua sana kwa waliosikilizwa, na huduma hiyo imefika hadi Zanzibar. Benchi lako halitakuwa kliniki. Litakuwa baraza uliyoiacha Pwani.

Tano, kuwa na kitu cha kutoa. Mwalimu mstaafu anaweza kuwasaidia watoto wa mtaa hesabu. Mhasibu atafaa kwenye kikoba. Anayefundisha, kuimba kwaya au kutunza daftari la kikundi hukutana na watu bila kujilazimisha.

Vizuizi ambavyo wagonjwa huvificha

Hapa ndipo ninapoomba usikilize kwa makini, kwa sababu wengi tunaodhani ni wapweke kwa tabia ni wapweke kwa maradhi. Asiyesikia vizuri huchoka kuuliza “umesemaje?” na mwisho hukaa nyumbani. Mwenye mtoto wa jicho hapungii watu mkono, nao humwona anajidai. Mwanamke anayevuja mkojo akikohoa au kucheka hukwepa mikutano na safari za basi. Mwanaume mwenye tezi dume hufanya hivyohivyo, kwa sababu anahofia kukosa choo. Magoti, meno yaliyong’oka, harufu ya kidonda, yote humfungia mtu ndani.

Mengi kati ya haya yanatibika au kupunguzwa makali. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo. Kuvuja mkojo kuna mazoezi ya misuli ya nyonga na dawa. Nta iliyoziba sikio husafishwa kwa dakika chache. Usione aibu kumweleza daktari, wala usikubali kuambiwa “ni uzee tu” bila kupimwa.

Tahadhari pia. Mpweke ni rahisi kutapeliwa: rafiki wa wiki mbili anayetaka umkopeshe kiinua mgongo chako anatafuta fedha. Kilabu cha pombe kina watu wengi, lakini ukilazimika kunywa ili ukae nao, ini na shinikizo vitalipa gharama. Na wajane wanaopata wenza wapya wakumbuke kwamba virusi vya Ukimwi na magonjwa ya zinaa hayaangalii mvi. Pimeni wote wawili.

Kwa watoto na wenyeji

Mwanangu uliyemleta mama yako Hombolo, umefanya vema. Ila chakula, king’amuzi na msaidizi wa kazi havitoshi. Mpeleke mwenyewe kwa balozi na kwa majirani watatu, mtambulishe kwa jina lake, si “mama yangu” tu. Mtafutie usafiri wa kwenda ibadani. Na usimkataze kila kazi kwa kumhurumia. Nawe mwenyeji, ukiona geti jipya, bisha hodi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lini umwone daktari

Jiulize: katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi nimekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, nimekosa hamu ya mambo niliyokuwa nayapenda? Ukijibu ndiyo kwa lolote, au usingizi na hamu ya kula vimepotea, au umeacha dawa zako, nenda kituo cha afya. Inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe na mwende hospitali leo.

Yule mama wa 190 kwa 110 tulimwongezea dawa moja na jukumu moja: kumtafuta mtu wa mtaani kwake anayemeza vidonge kama yeye. Ilimchukua wiki saba. Siku hizi huja kliniki na mwenzake, na shinikizo la wote wawili hatujalimaliza, ila limeshuka. Bado anaikumbuka bahari, na hilo sina dawa yake.

Wiki hii, msomaji uliyehamia ugenini, fanya jambo moja tu: bisha hodi kwenye mlango mmoja ambao hujawahi kuubisha. Kisha rudi tena wiki ijayo.