Kabla ya Kumlaumu Ng'ombe

Mfugaji wa Marangu au Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, maziwa yakimpungukia, ushauri wa kwanza anaopewa ni kubadili mbegu. Mara nyingi ng'ombe hana kosa. Maziwa ya leo yaliamuliwa miezi mingi iliyopita, tena na mambo yaliyo nje ya banda.

Tuanze na hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani malisho ukiondoa maji yake. Mzigo wa matete mabichi anaojitwika mama kutoka tambarare, tuseme kilo 30, ukikaushwa hubaki kilo 6 hivi. Kwa matete matupu, basi, ni mizigo miwili kila siku, na kiangazi majani hufuatwa mbali zaidi. Ukileta ng'ombe mkubwa wa maziwa bila kugusa hesabu hii, utakuwa umemwongezea mama mzigo tu.

Anayeutazama ufugaji kama mfumo huchunguza sana muda unaopita kati ya sababu na matokeo. Ng'ombe aliyezaa Desemba akikosa chakula Januari na Februari, bado hutoa maziwa kwa kuyeyusha mafuta ya mwili wake, na ndoo haioneshi hatari. Akikonda, huchelewa kuingia kwenye joto, yaani kutaka dume. Joto lenyewe halimalizi siku nzima. Likipita bila kuonwa, usubiri siku 21 hivi. Anayeliona kwa kawaida ni mama aliye bandani asubuhi na jioni, lakini pesa ya mhamilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu, iko kwa baba, ambaye pengine ameshuka Moshi mjini. Mimba huchelewa, ndama huchelewa, na njaa ya miezi miwili huja kulipwa mwaka unaofuata, wakati hakuna anayeikumbuka. Mapato yakishuka, pumba na mashudu hayanunuliwi, naye ng'ombe huzidi kukonda.

Kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, nacho kimo katika mfumo huo huo. Samadi hustawisha migomba, na vigogo vya migomba humlisha ng'ombe wakati wa ukame, ingawa sehemu kubwa ya vigogo hivyo ni maji. Ng'ombe akiuzwa ili kulipa ada ya shule, samadi hukoma, na baada ya misimu kadhaa mikungu huanza kuwa midogo.

Kwangu mimi, pa kuanzia ni maji. Maziwa ni maji kwa takriban asilimia 87, na ng'ombe anayetafuna mabua makavu bila maji ya kutosha huacha kula hata hori likiwa limejaa. Maji yawe mbele yake usiku na mchana. Kisha matete yapandwe kwenye kingo za matuta ndani ya kihamba, na mabua ya mahindi yapandishwe kutoka tambarare mara baada ya mavuno, kabla mchwa hawajayamaliza. Baba na mama wakubaliane pia kwamba atakayeliona joto ndiye atakayempigia mhamilishaji siku hiyo hiyo, na pesa ya kumlipa iwe imetengwa nyumbani. Haya yakiwapo, ndipo inafaa kuzungumzia mbegu.