Maumivu makali ya hedhi: mweleze mkunga, hata kama sasa una mimba

Je, kabla ya kupata mimba hedhi ilikuumiza hadi ukashindwa kwenda shambani, sokoni au shuleni? Mweleze mkunga siku ya kliniki, hata kama sasa huna maumivu.

Hiyo inaweza kuwa dalili ya endometriosi. Katika ugonjwa huu, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao. Si laana, na hauambukizwi.

Je, ukizaa utapona?
Hapana. Wengi wetu tumeambiwa, "Ukizaa yataisha." Wakati wa mimba na kunyonyesha, hedhi husimama na baadhi ya wanawake hupata nafuu. Hedhi ikirudi, maumivu yanaweza kurudi pia.

Unapimwaje?
Hakuna kipimo kinachofanywa kwa kila mjamzito. Uchunguzi huanza na maelezo yako: maumivu yalianza lini, yako wapi, je, unaumia wakati wa tendo la ndoa au unapokwenda haja? Ultrasaundi inaweza kuonyesha uvimbe kwenye ovari. Isipoonyesha kitu, haina maana kwamba huna ugonjwa.

Wakati wa mimba
Wengi wenye ugonjwa huu hujifungua salama. Hata hivyo, hatari ya kondo la nyuma kukaa chini au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati huongezeka kidogo. Usikose kliniki. Ukitokwa na damu au ukipata maumivu makali ya tumbo, nenda kituo cha afya mara moja. Usinunue ibuprofeni au diklofenaki dukani bila kumuuliza mhudumu.

Baada ya kujifungua
Hedhi ikirudi, andika tarehe na siku ulizoumia. Kama ulijifungua kwa upasuaji na kuna uvimbe kwenye kovu unaouma wakati wa hedhi, uonyeshe. Zipo dawa za maumivu na za homoni za kukupa nafuu. Sema kama unanyonyesha, kwa sababu si kila dawa inakufaa.

Uende wapi?
Ukiwa katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, anzia kituo cha afya kilicho karibu. Vituo vya serikali huhudumia wakimbizi na wenyeji bila malipo. Beba kadi ya kliniki. Kama lugha ni shida, omba mkalimani, na unaweza kuomba awe mwanamke. Maumivu yakiendelea licha ya dawa, rudi uulize kuhusu rufaa ya kwenda hospitali.