Maji ya Viyoyozi na Sakafu za Mji Mkongwe

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja mchana wa Februari, iwe Shangani, Kiponda au Malindi, aghalabu hudondokewa na tone la maji, hali mbinguni hakuna hata wingu. Hutazama juu, akaona kiyoyozi kimechomoza dirishani, akapangusa bega na kwenda zake. Tone hilo halina madhara. Linalostahili kutushughulisha sisi wananchi, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya majengo haya, ni lile lisiloanguka nje.

Mashine hii, pamoja na kuipoza hewa, huikamua. Hewa ya visiwa vyetu imejaa mvuke wa bahari, na mvuke huo ukigusa mabomba baridi yaliyo ndani ya mashine hugeuka maji, kama yale yatokeayo nje ya gilasi ya maji ya barafu. Kiyoyozi cha kawaida cha dirishani, katika joto la kaskazi, kinaweza kutoa lita moja kwa saa. Kikiwashwa saa nane kila usiku, kwa mwezi hupatikana zaidi ya pipa zima la lita 200. Maji hayo hukusanyika chini ya mashine, na yapaswa kutoka kwa upande wa nje. Kwa hiyo fundi hana budi kuiweka iinamie nje kidogo. Ikiinamia chumbani, au njia ya maji ikizibwa na vumbi na uchafu, maji hurudi ndani, hushuka kwa ukuta, yakaingia sakafuni.

Na sakafu zetu si za zege na nondo. Wazee walilaza boriti za mikoko toka ukuta hadi ukuta (ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba: upana wake ni urefu wa boriti), juu yake wakapanga mawe, kisha wakamwaga kokoto na chokaa na kuipiga mpaka ikashikana. Sakafu ya namna hii ni nzito mno, na uzito wake wote umebebwa na ncha za boriti zilizozikwa ndani ya ukuta. Ncha hizo ndizo zishibazo maji ya dirishani. Katikati ya chumba boriti huwa kavu na ngumu kama chuma. Ukutani imekwisha kuwa unga, na mchwa, wapendao mti wenye unyevu, wamekwisha fika. Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa chuoni anaijua, lakini ufa huonekana. Hapa hakuna kinachoonekana mpaka mwenye kukaa chini aone doa la rangi ya chai katika dari yake.

Akilalamika, dawa anayopewa ni saruji. Ukuta wa mawe na chokaa huvuta maji na kuyatoa. Ukipakwa saruji na rangi ya mafuta, unyevu hufungiwa ndani pamoja na boriti. Doa hufichika kwa muda, na maradhi huendelea. Kwa maoni yetu, ni heri kuliacha doa lilivyo.

Ni nani basi mwenye maji haya? Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ni za wakfu, na nyumba moja huweza kuwa na wapangaji wa ghorofa tatu. Wa juu amenunua mashine kwa fedha zake, na dari ya mwenzake haioni. Fundi amelipwa kutia mashine, hakulipwa kutia bomba. Mwenye nyumba hupokea kodi. Anayeumia ni wa chini, ambaye pengine hana hata feni.

Hatusemi watu wakae na joto. Wala hatudai kwamba Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, iliangushwa na viyoyozi. Lakini tangu siku ile hakuna afisa awezaye kusema hakujua kwamba jumba la mawe na chokaa laweza kuanguka na watu wamo ndani.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji wenyewe ukatiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu hapo tumejifunza kuzilinda milango ya nakshi na sura za nyumba. Twaomba jicho hilo hilo liyatazame maji. Asitie mtu kiyoyozi pasipo bomba la kuyafikisha maji kwenye mtaro wa chini. Fundi atumie pimamaji, asikisie. Na palipokwisha lowana, saruji ibanduliwe, boriti zikaguliwe, chokaa irudishwe. Bomba la plastiki ni rahisi kuliko boriti moja.

Tungependa kuziona ofisi za Serikali zilizomo katika majengo haya zikianza na madirisha yake zenyewe, na zianze kabla ya masika, maana mvua ikishaanza kunyesha itakuwa vigumu kwa fundi kupambanua maji ya mashine na maji ya paa.