Sura ya Mjumbe wa Seyyid

Mwaka 1632 Anthony van Dyck, mchoraji wa Antwerp, alihamia London kumchora Mfalme Charles I. Kwa Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, mwenye kasri ya Mtoni kisiwani Unguja, mambo yalikwenda kinyume: mtu wake ndiye aliyevuka bahari akakutana na mchoraji.

Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu Sultana ilitia nanga New York, imesheheni tende, kahawa, pembe za ndovu na karafuu. Mjumbe wa Seyyid, Ahmad bin Na'aman, akawa gumzo la mji, hata wakuu wa mji wakamwagiza Edward Mooney amchore.

Kilemba kichwani, ndevu nyeusi: uso huo bado unatazamika. Ni hazina kweli, maana sura za watu wa Unguja wa enzi hizo ni chache mno.

Sura ya mjumbe imedumu, lakini kasri ya bwana wake, ile ya Mtoni, sasa ni magofu ufukweni.