Mti wa mepo kwenye chungu: somo la majira ya baridi Minnesota

Wenzetu wa Afrika Mashariki wanaoishi Minneapolis na Saint Paul, wakiwemo Wakenya wengi wa kitongoji cha Brooklyn Park, wanalijua vyema jani la mepo. Ni lile la kwenye bendera ya Kanada, ambalo kila Oktoba hugeuka jekundu na kutapakaa kwenye mitaa ya miji hii miwili. Lakini wachache wanajua kwamba mti huo mkubwa unaweza kulelewa miaka mingi ndani ya chungu kidogo kuliko sinia la pilau.

Sanaa hii huitwa bonsai. Chimbuko lake ni China, na Wajapani ndio walioikuza na kuieneza duniani kwa jina hilo, lenye maana ya mmea uliopandwa kwenye chombo kifupi. Bonsai si aina ya mti, wala haidumazwi kwa dawa. Ni mti wa kawaida ambao mizizi na matawi yake hupogolewa kwa mpango.

Mji wa Saint Paul una uhusiano wa miaka mingi na Japani. Mwaka 1955 ulifunga udugu na Nagasaki, na huo ukawa udugu wa kwanza baina ya mji wa Marekani na mji wa Japani. Leo katika bustani ya Como, penye nyumba ya vioo iliyofunguliwa mwaka 1915, mgeni ataona bustani ya Kijapani na mkusanyiko wa miti ya bonsai.

Sisi tulianza vibaya. Tulinunua mepo ya Kijapani, tukaimwagilia, ikapendeza hadi Novemba. Theluji ya kwanza ilipoanguka tuliionea huruma, tukaiingiza sebuleni karibu na kipasha joto, kama ambavyo tungemkaribisha mgeni aliyefika bila koti. Januari ilitoa majani membamba yaliyopauka. Kabla ya Aprili ilikuwa imekauka.

Mepo ni mti wa nchi zenye majira ya baridi, na bila kulala miezi kadhaa kwenye baridi huishiwa nguvu. Hata hivyo, kuiacha nje juu ya meza nako ni kuiua. Mizizi ya mti ulio ardhini hufunikwa na udongo na theluji, lakini iliyo kwenye chungu hupigwa na baridi pande zote. Januari 30, 2019, Minneapolis ilifikia nyuzi 33 chini ya sifuri. Hakuna mepo ya chunguni inayostahimili hayo.

Dawa yake ni gereji ya nyumbani isiyopashwa joto, ambamo baridi haipungui sana chini ya sifuri. Mti usio na majani hauhitaji mwanga, ila udongo usikauke kabisa. Hurudishwa nje majira ya kuchipua, na usiku wa jalidi huingizwa tena.

Kazi nyingine hufuata majira. Vichipukizi vinapoanza kuvimba, mti hubadilishiwa udongo na mizizi hupunguzwa. Mti mchanga huhitaji hivyo kila baada ya miaka miwili au mitatu. Udongo uwe wa chembechembe, usiotuamisha maji. Kiangazi humwagiliwa kila siku, na matawi mapya hukatwa yakabaki majani mawili. Waya wa kuyakunja matawi utolewe kabla haujazama, kwani gome la mepo ni laini.

Anayeanza tunamshauri atafute mepo ya Amur, inayotoka mashariki ya Asia na kustahimili baridi zaidi. Huko Minnesota imekuwa mti vamizi, kwa hiyo jirani huenda akafurahi ukimng'olea mche.

Na wasomaji wa Mombasa au Dar es Salaam? Mepo haitawafaa, kwa kuwa haitapata baridi ya kulalia. Mkwaju na mbuyu hulelewa vizuri kama bonsai, na hizo ndizo zinazostahili sebule yenye joto zikiletwa Minnesota.

Mepo yetu ya pili sasa ina miaka sita, na shina lake ni nene kama kidole gumba. Theluji ikianguka hatuionei huruma tena. Tunaipeleka gereji, tunafunga mlango, na mkwaju wetu mdogo ndio unaobaki nasi sebuleni.