Udongo Ushukao Msimbazi na Hesabu ya Zabuni

Asimamaye darajani Jangwani, jijini Dar es Salaam, asubuhi ya baada ya mvua kubwa ya masika, huyaona maji ya Mto Msimbazi yakipita kwa rangi ya chai ya maziwa. Na rangi hiyo, kwa mwenye kuizingatia, ni mali inayosafiri, maana kilichomo ni udongo wa miteremko ya juu, ambako viwanja husafishwa na misingi huchimbwa, aghalabu pasina kizuizi cha kuyafanya matope yasishuke bondeni.

Sheria ipo. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na imewalazimu wenye miradi mikubwa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza kazi. Wala maarifa yenyewe si ya ghali: mtaro juu ya mteremko uyazungushe maji ya mvua, kokoto langoni zifute matope katika magurudumu ya malori, shimo ambamo maji hutulia tope likatuama, na kitambaa kilichowambwa juu ya vigingi upande wa chini, ambacho pindo lake lisipofukiwa ardhini maji hupenya chini yake, kikawa kama kwamba hakikuwekwa.

Kasoro kubwa imo katika hesabu. Mkandarasi mwaminifu atiaye gharama hizo katika zabuni yake hushindwa na mwenzake aliyeziacha, maadamu bei ya chini ndiyo itazamwayo. Na gharama iliyoachwa haipotei, bali humfuata mwenye nyumba ya bondeni, na halmashauri izibuayo mifereji, na mlipa kodi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya kuliendeleza Bonde la Msimbazi. Si zote ni za matope, lakini kuuchimbua mto uliojaa mchanga ni katika kazi zilizokusudiwa.

Kwa hiyo insafu yataka mwenye mradi aipange yeye mwenyewe bei ya kuuzuia udongo, iwe sawa kwa waombaji wote, nao washindane katika mengine. Na malipo yake yatolewe baada ya mkaguzi kufika kiwanjani, mvua ya kwanza ikiisha kunyesha, akayaona maji yatokayo langoni ni meupe.